Jamani, Augustino alimlilia mama yake

Kila msiba wa mama mcha Mungu lazima atokee mtu ashike maiki aseme "tusilie, hata Mtakatifu Augustino hakumlilia mama yake Monika". Nafundisha historia ya Kanisa na hiyo kauli nimeisikia mpaka basi. Wanaoisema wamesoma nusu ya kitabu cha 9 cha Maungamo, ambamo Augustino anasimulia maisha yake mwenyewe, wakafunga.

Mwaka 387, Ostia, bandari ya Roma, wanasubiri meli ya kurudi kwao Thagaste, siku hizi ni Algeria. Monika akashikwa na homa, siku ya tisa akafariki, ana miaka 56, mwanae 33. Kaburi alikuwa kashajiandalia pembeni ya mumewe Patricius ila akasema nizikeni popote, mnikumbuke tu kwenye altare ya Bwana. (Nyie wa kuchangisha mamilioni ya kusafirisha mwili, tutaongea siku nyingine.)

Sasa machozi. Mjukuu wake Adeodatus akaangua kilio, wakamnyamazisha. Rafiki yao Evodius akachukua Zaburi akaanza kuimba, nyumba nzima ikaitikia. Augustino macho makavu, kwenye sala makavu, kaburini makavu, anaongea na watu vizuri tu hadi wanadhani hana uchungu, kumbe ndani anaungua na anajichukia kwa kuungua. Akaenda kuoga, maana alisikia kuoga kunaondoa huzuni, wapi! Akalala, akaamka, yuko peke yake kitandani akakumbuka wimbo wa Mt. Ambrosi, yule askofu wa Milano aliyembatiza, hapo ndo yakamwagika na mwenyewe anasema aliyaachia yatoke yanavyotaka, moyo ukapumzika juu yake. Sasa "hakulia" imetoka wapi? Halafu marehemu mwenyewe ndo yule aliyemlilia huyo Augustino miaka na miaka aongoke, mpaka askofu mmoja akachoka naye akamwambia nenda zako, mtoto wa machozi hayo hawezi kupotea.

Ila kuna kipande darasani huwa nakipitisha haraka kwa sababu hakinisaidii. Augustino hakuwa na uhakika kama alifanya sawa. Anasema atakayeona ni dhambi, basi asimcheke, amlilie kwa dhambi zake. Kwa hiyo siwezi kuwaambia anatetea vilio vya msibani, alilia na akaona aibu, vyote viwili, na kila nikirudia ukurasa ule naona aibu ina nguvu kuliko ninavyopenda.

Na wasifu wa marehemu je? Wetu ni ule ule, mama hakuwahi kugombana na mtu. Augustino anaandika kwamba Monika alipokuwa binti, akitumwa kuchota divai alikuwa anaonja onja, mwisho anapiga vikombe, hadi kijakazi mmoja akamwita mlevi ndo akaacha. Thubutu kusoma hiyo mbele ya jeneza na mashangazi wamekaa mbele! Tena hasemi mama yangu yuko mbinguni tayari, basi. Anamwomba Mungu amsamehe madeni yake, kisha anawaomba wasomaji wamkumbuke altareni, yeye na Patricius.