Je, wajua kwa nini dirisha la chumbani hulishinda jua la saa sita kwa picha ya uso?

Siku ya Idi hapa Tanga watu husali asubuhi, hupita kwa wazee kutoa mkono wa Idi, kisha hukusanyika nje ya nyumba kupiga picha. Mpaka hapo saa imeshakaribia sita. Jua liko utosini, mwanga umejaa tele, na mwenye simu anasema yale yanayosemwa kila mwaka: "Sogeeni kwenye mwanga." Picha inatoka na macho yamezama gizani, pua imeangusha kivuli juu ya mdomo, paji la uso lina doa jeupe, na bibi amefinya macho hadi sura yake imepotea. Alasiri mjukuu anampiga bibi yuleyule, kwa simu ileile, akiwa amekaa kitandani kando ya dirisha. Hiyo ndiyo picha itakayotiwa kwenye fremu.

Ajabu ni kwamba mwanga wa chumbani ni mdogo mno. Jua kali la mchana hufikia laksi (kipimo cha mwangaza) 100,000 hivi, na kando ya dirisha lisiloingiza jua moja kwa moja unaweza kukuta elfu moja au elfu mbili tu. Mwanga huo mdogo unawezaje kutoa sura nzuri kuliko ule mwingi?

Jibu la haraka ambalo wengi wetu tunalo ni kwamba jua "lina mwanga mkali mno", kwa hiyo dawa ni kuupunguza. Hilo si sahihi, na ni vyema kulishughulikia kwa utulivu, maana ndilo linalowafanya watu watumie fedha vibaya. Kama nguvu ya mwanga ndiyo ingekuwa tatizo, basi tochi ndogo ya simu, ambayo ni hafifu sana mbele ya jua, ingetoa picha nzuri usiku. Haitoi. Inatoa kivuli kilekile chenye ukingo uliokatika kwa wembe. Kamera inajua kujirekebisha mwanga ukiwa mwingi au kidogo. Isichoweza kurekebisha ni umbo la vivuli, na umbo hilo huamuliwa na kitu kingine kabisa: ukubwa wa chanzo cha mwanga, kama kinavyoonekana ukiwa pale usoni.

Kutokana na jibu lile la kwanza huzaliwa mazoea mengine mawili. La kwanza ni kufunga kitambaa cheupe au karatasi ya chooni mbele ya tochi ya simu ili "kulainisha" mwanga. Kitambaa kilichobanwa juu ya tochi kinabaki kuwa doa la mwanga la ukubwa uleule, ila sasa ni hafifu zaidi. Kisichoongeza eneo linalong'aa hakilainishi kivuli. Shuka hilohilo ukilitundika kwenye kamba, taa ukaiweka mita moja nyuma yake, mwanga ukatapakaa juu ya shuka lote, hapo mambo yanabadilika, kwa sababu sasa kinachomulika uso ni shuka zima. Niseme pia kwamba katika chumba kidogo chenye kuta nyeupe, kitambaa juu ya taa huweza kusaidia kidogo, kwa kuwa hutawanya mwanga ukagonga kuta na kurudi. Lakini hapo sifa ni ya kuta.

Zoea la pili ni kuisogeza taa mbali ili ipoe. Taa ikienda mbali inapungua nguvu, kweli, lakini pia inaonekana ndogo zaidi, na vivuli vinazidi kuwa vikali. Ushahidi ni jua lenyewe. Lina kipenyo cha kilomita milioni 1.39, na hakuna taa kubwa kama hiyo duniani. Ila liko umbali wa kilomita milioni 150 hivi, kwa hiyo kutoka hapa linaonekana kuwa na upana wa nusu digrii tu. Mwezi mpevu una karibu upana huohuo: nyoosha mkono, na ncha ya kidole cha mwisho itaufunika wote. Dirisha la mita moja, ukikaa mita moja mbele yake, lina upana wa digrii 53 hivi. Yaani mbele ya uso wako dirisha la chumbani ni pana karibu mara 100 kuliko jua.

Upana huo unafanya nini hasa? Mweke sisimizi shavuni mwa mtu aliyekaa mshazari na dirisha, kwenye shavu lile la mbali, ambalo pua imelikinga kwa sehemu. Sisimizi aanzie karibu na sikio, aelekee puani, na kila hatua ainue kichwa atazame dirisha. Mwanzoni analiona lote juu ya mwamba wa pua, kwa hiyo pale aliposimama pamepata mwanga kamili. Anasogea, pua inaanza kuficha ukingo mmoja wa dirisha. Anaona robo tatu, na pale pana robo tatu ya mwanga. Hatua chache mbele anaona nusu, kisha robo, kisha ufa mwembamba. Akifika chini kabisa ya ubavu wa pua haoni kitu, na hapo ndipo kivuli kizima. Kamera inapoliangalia shavu hilo inaona giza likiingia polepole, hatua kwa hatua, na macho yetu huusoma mteremko huo kama mviringo wa shavu.

Sasa mpeleke sisimizi nje saa sita. Anaona jua lote. Anasogeza mguu mmoja, na jua limekwisha kufichwa lote. Hakuna mahali pa kusimama palipo na nusu.

Hili linahesabika. Gawa upana wa chanzo kwa umbali wake, kisha zidisha na umbali kutoka kinachokinga hadi kivuli kinapoangukia. Tuchukulie ncha ya pua iko sentimita 3 kutoka shavuni. Kwa jua, ukingo wa kivuli una upana usiofika theluthi moja ya milimita. Kwa balbu ya sentimita 6 iliyo umbali wa mita 2, ni karibu milimita moja. Kwa dirisha la mita moja lililo umbali wa mita 4, ni milimita 7 na nusu. Msogeze mtu hadi mita moja kutoka dirishani, ukingo unakuwa sentimita 3, yaani kivuli chote kimegeuka mteremko. Hesabu hii inachukulia shavu kuwa bapa na dirisha kutazamana na uso, jambo ambalo si kweli kabisa. Ukikaa mshazari dirisha hupungua upana. Hata hivyo tofauti kati ya theluthi ya milimita na sentimita 3 ni kubwa kiasi kwamba marekebisho hayo hayaigeuzi.

Kama nyumba yako ina nondo dirishani, una kipimo tayari. Jua linapoingia moja kwa moja, nondo hujichora sakafuni, mstari kwa mstari. Jua likishahama na dirisha likabaki linaingiza mwanga wa mbingu tu, mistari inatoweka ingawa nondo ziko palepale, maana kila sehemu ya sakafu sasa inaliona dirisha karibu lote na nondo zinakinga vipande vyembamba tu. Mistari ikiwapo, usimweke mtu hapo. Ikitoweka, leta kigoda.

Kuna sababu ya pili ya kupenda chanzo kipana, nayo inatuhusu sana watu wa ngozi nyeusi. Ngozi hurudisha mwanga kwa njia mbili. Sehemu fulani huingia ndani, hukutana na melanini, ile rangi ya asili ya ngozi, kisha hutoka ikiwa na rangi ya mtu. Sehemu nyingine, karibu asilimia 4, huruka juujuu bila kuingia, na kiasi hicho hakitofautiani sana kati ya mtu mweusi na mweupe. Juu ya ngozi nyeusi mng'ao huo wa juu huonekana waziwazi zaidi, kwa kuwa ndani hurudi mwanga kidogo. Nao mng'ao ni taswira ya chanzo chenyewe: chanzo kikiwa kidogo, unapata doa jeupe kwenye paji la uso, kikiwa dirisha, unapata ung'avu mpana unaofuata mfupa wa shavu na taya. Katika fukuto la pwani, jasho likishatoka, doa la jua huwa kali mno hata poda hailiwezi. Mng'ao mpana, kwa upande mwingine, ndio unaoipa sura nyeusi uzuri wake pichani, na kwa maoni yangu watu huhangaika kuufuta wakati wangetakiwa kuutafuta.

Wapiga picha wa karne ya 19, kabla ya umeme kuenea, walijenga studio zenye paa au ukuta wa vioo. Walijua jambo hili kwa macho.

Nyumbani mpangilio hauhitaji mengi. Katika nyumba ya Ngamiani, hapa Tanga mjini, yenye korido katikati, chumba cha mbele chenye dirisha la mita moja kinatosha. Mkalishe mtu mita moja kutoka dirishani, uso umegeukia dirisha kwa mshazari, wala asiligeuzie mgongo. Zima taa ya darini, maana rangi yake hugombana na ya mbingu. Upande wa giza weka kitu cheupe: lile bamba la foamu lililokuja na boksi la televisheni, au shuka jeupe juu ya kiti, karibu na shavu kadiri linavyoweza bila kuingia kwenye picha. Ukitaka vivuli viwe vizito zaidi, weka kitambaa cheusi badala yake. Ukuta wa nyuma uwe mbali, mita 2 hivi, nao utafifia wenyewe kwa kuwa mwanga wa dirisha hupungua haraka kadiri unavyoingia ndani. Ile kanuni kwamba umbali ukiongezeka mara 2 mwanga hubaki robo hufuatwa vizuri na chanzo kidogo. Karibu na dirisha pana kupungua ni kwa polepole kuliko hivyo, ila bado kunatosha kuufifisha ukuta.

Simu usiishike karibu. Kutoka sentimita 30, pua iko mbele ya masikio kwa sentimita 10 au zaidi, kwa hiyo inakuzwa kwa theluthi moja kuliko masikio. Rudi nyuma mita moja na nusu, tofauti inabaki chini ya asilimia 10.

Dirisha lipi? Vitabu vya Ulaya husema la kaskazini, kwa kuwa kule jua la mchana hupita kusini siku zote. Tanga iko digrii 5 kusini mwa ikweta, na ushauri huo haufai mwaka mzima. Jua hupita utosini mwanzoni mwa Machi na tena mwanzoni mwa Oktoba. Kati ya Machi na Oktoba, wakati wa masika na kipupwe, jua la mchana liko kaskazini, hivyo dirisha la kusini ndilo lenye mwanga tulivu. Kuanzia vuli hadi mwisho wa kaskazi hali hugeuka. Dirisha la mashariki litumie baada ya adhuhuri, la magharibi kabla yake. Kama dirisha linatazamana na ukuta wa jirani uliopakwa chokaa na kupigwa na jua, una bahati, kwani ukuta huo wenyewe ni taa kubwa. Ukiwa wa kijani, uso nao utachukua ukijani.

Asiye na chumba kinachofaa ana baraza. Paa linakinga jua, mbele pana mbingu na barabara inayorudisha mwanga kutoka chini, mpaka ndani ya macho. Mtu akae ukingoni mwa kivuli akitazama nje.

Bado kuna suala la nguo. Kamera hukisia mwangaza kwa kutazama picha nzima, kwa hiyo buibui jeusi likijaa kwenye fremu huifanya iongeze mwanga hadi uso ukapauka, na kanzu nyeupe huifanya iupunguze hadi uso ukazama. Simu nyingi za sasa hutafuta uso kwanza, hivyo kosa hilo limepungua, lakini halijaisha. Gusa uso kwenye kioo, kisha telezesha alama ya jua juu au chini mpaka ngozi ifanane na unavyoiona. Vifaa havikuwahi kutupendelea: kwa miongo mingi rangi za picha za filamu za Kodak zilisawazishwa kwa kadi za Shirley, zenye picha ya mwanamke mzungu. Macho yako yaamini kuliko makisio ya simu.

Usiku, elekeza taa ukutani badala ya usoni. Ukuta mweupe ulioangazwa kwa eneo la mita moja unakuwa dirisha jipya, kwa hesabu ileile. Usiielekeze darini: dari litamulika kutoka juu, na vivuli vya machoni vitarudi, ingawa kingo zake zitakuwa laini.