Umeoa tena, umeachana, umefiwa: maneno ya vijiweni kuhusu mafao ya wastaafu wa serikali kuu ya Marekani

Mtu akishaifanyia kazi serikali kuu ya Marekani, awe alikuwa posta au nesi kwenye hospitali za maveterani, siku akistaafu anaona mambo yamekwisha, faili limefungwa, kilichobaki ni kusubiri hela iingie benki mwanzo wa mwezi. Halafu anaoa, au anaachana, au anafiwa, au anaamua kuhama, na hapo ndo kila mtu anakuwa mwanasheria. Nimechukua yale ninayoyasikia sana. Nazungumzia hasa FERS, mfumo wa pensheni ulioanza 1987 na ndo wenye watu wengi wa siku hizi, ule wa zamani wa CSRS una asilimia zake.

"Nimeoa, kwa hiyo mke wangu nikifa anapata pensheni, ni haki yake."

Inategemea umeoa lini. Kama ulikuwa na ndoa siku unastaafu, sawa, kinga ya mjane ipo tayari na kuipunguza huwezi mpaka mwenzio akubali kwa maandishi mbele ya notari. Chukua pensheni ya dola 2,000 kwa mwezi, kabla ya kodi na bima: kwa kinga kamili unakatwa 10% ukiwa hai, unabaki na 1,800, na siku ukiondoka mwenzio anapata 50% ya ile 2,000, yaani dola 1,000 kila mwezi. Ipo na ya kati, unakatwa 5%, yeye anakuja kupata 500.

Ila kama umeoa baada ya kustaafu hakuna kinachokuja chenyewe. Unatakiwa kuiandikia OPM, ile ofisi inayoshughulikia wastaafu, ndani ya miaka 2 tangu siku ya ndoa, useme unataka kumwekea mwenzio pensheni. Miaka 2 ikipita mlango umefungwa, hata mkikaa pamoja miaka ishirini mkazeeka wote. Na ukiomba ndani ya muda jua utakatwa mara mbili, kuna lile kato la kawaida na kuna jingine la kudumu la kufidia miaka uliyokuwa unapokea pensheni nzima bila kumkatia mtu, na hilo la pili haliondoki hata ndoa ikivunjika. Pia ndoa iwe imefikisha angalau miezi 9 kabla ya kifo, isipokuwa kama ni ajali au mna mtoto wa ndoa hiyo. Kwa kweli hapa ndo naona wanawake wengi wanaumia, maana mzee anasema "nitashughulikia" na yeye mwenyewe anaamini alishashughulikia.

Kwa nini anaamini? Kwa sababu alimwongeza mkewe kwenye bima ya afya, akapata na kadi yenye jina lake, akajua imetosha. Bima ya afya na pensheni ya mjane ni vitu viwili, na ubaya wake ni kwamba cha kwanza kinakitegemea cha pili. Mjane akitaka kuendelea na ile bima ya afya ya serikali, FEHB (kwa watu wa posta tangu 2025 ni PSHB), baada ya mume kufa, kwa kawaida inabidi yatimie mawili kwa pamoja: awe na pensheni ya mjane, na siku ya kifo awe alikuwa ndani ya bima ya watu wawili au ya familia. Mzee akiamua kubana matumizi akarudi kwenye bima ya mtu mmoja, au akaikataa pensheni ya mjane ili asikatwe ile 10%, mke anabaki bila bima pia. Mtu akikwambia "mi nimekataa kato, bora nile hela yangu mwenyewe" muulize mkewe atatibiwa na nini.

Halafu kuna hili: "serikali ni moja, wataona wenyewe kwenye kompyuta kwamba nimeachana." Hawaoni. Mafaili ya wastaafu kwa miongo mingi yamekaa kwenye makaratasi, chini ya ardhi, kwenye mgodi wa zamani wa chokaa huko Boyers, Pennsylvania, sio utani. Mahakama ya jimbo ikiwapa talaka haipigi simu huko. Usipotuma hati ya talaka unaendelea kukatwa lile kato kwa ajili ya mtu ambaye hata hapati kitu, kwa sababu kwa kawaida talaka inafuta haki ya mwenza kwenye pensheni ya mjane mpaka mahakama iwe imeamuru vinginevyo kwa hati ambayo OPM inaikubali, au mstaafu mwenyewe aombe upya kumwekea huyo wa zamani ndani ya miaka 2 ya talaka. Mwenza akifa ni hivyohivyo, tuma cheti cha kifo ili lile kato la kawaida liondoke.

Na bima, yule mliyeachana anatoka. Hata kama kwenye makubaliano ya talaka mmeandika atabaki kwenye bima yako ya familia, bado anatoka, siku hiyohiyo, anapewa siku 31 za kujipanga na baada ya hapo anaweza kujinunulia bima ya muda, mpaka miezi 36, kwa hela yake yote na 2% juu. Kumficha humo ni kujitafutia kesi.

Sasa tuje kwenye wosia maana hapa watu hawanielewi kabisa. "Nimeandika wosia, kila kitu ni cha mke wangu wa sasa." Bima ya maisha ya serikali, FEGLI, haiangalii wosia, inaangalia fomu ya mnufaika. Ile uliyojaza miaka hiyo ukiwa kijana, ukaandika jina la mke wa kwanza, bado inaishi, na talaka haiifuti. Kuna kesi ilitoka Virginia ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamuliwa 2013: mwanaume alimwandika mkewe 1996, wakaachana, akaoa mwingine 2002, akafa 2008 bila kubadilisha fomu. Sheria ya jimbo ilikuwa inambana mke wa zamani amlipe mjane kiasi alichopokea. Mahakama ikasema hapana, sheria ya serikali kuu ndo inatawala, ikabaki hivyo, zaidi ya dola 124,000 zikaenda kwa yule waliyeachana naye. Mjane aliyekuwa naye ndani siku anakufa hakupata kitu kwenye hiyo bima.

Na usijaze moja ukadhani umemaliza. FEGLI ina fomu yake, inataka mashahidi wawili ambao sio wanufaika, na iifikie OPM ukiwa hai, ile iliyobaki kwenye droo haina kazi. Akiba ya TSP, ile hela ya uzeeni uliyojiwekea ukiwa kazini, ina ya kwake na inapelekwa TSP, sio OPM. Michango ya pensheni iliyobaki ina nyingine. Kama hujamwandika mtu yeyote na hakuna amri ya mahakama, FEGLI inafuata mstari wa sheria: mwenza, akikosekana watoto, akikosekana wazazi, na kuendelea. Kwa mtu mwenye familia ya kawaida huo mstari unatosha kabisa, mi naona ni bora kufuta fomu ya zamani kuliko kuwa na fomu usiyoikumbuka imeandikwa nani.

"Mjane akiolewa tena pensheni inakufa." Nusu kweli. Akiolewa kabla ya kufikisha miaka 55 inasimama, isipokuwa kama ndoa yake na marehemu ilidumu miaka 30 au zaidi. Akiolewa akiwa na 55 na kuendelea, anaolewa na pensheni yake mkononi. Na hata iliyosimama inaweza kurudi kama hiyo ndoa mpya itavunjika au mume mpya akifa, ila inabidi aombe. Kuna wamama wanakaa na mtu miaka bila kufunga ndoa kwa kuogopa hili wakati umri ulishapita zamani.

"Ukihama Marekani wanakata." Hapana, pensheni inakufuata. FEHB pia unaweza kuendelea nayo nje, chagua tu mpango unaolipia matibabu ya nje. Kinachokwama ni Medicare, ile bima ya afya ya serikali kwa wazee, hiyo kwa kawaida hailipi hospitali za nje ya Marekani, kwa hiyo usije ukaiacha FEHB ukasema una Medicare inatosha halafu ukapanda ndege.

Mzee akianza kusahau, watoto wanakuja na ile hati ya kisheria ya kumwakilisha, wanaipeleka OPM wakitaka waisimamie pensheni. OPM haiitambui kwa kazi hiyo. Ina utaratibu wake wa kuteua mtu wa kupokea kwa niaba ya mstaafu, unaombwa huko huko, na unachukua muda, ndo maana ni vizuri kuanza mapema.

Akifariki, pensheni yake inahesabiwa mpaka siku ya kifo basi. Hela ikiingia baada ya hapo sio ya msiba, hata kama akaunti ni ya pamoja, Hazina wataifuata benki na kuichukua, na mkiwa mmeshaitumia mnadaiwa. Toeni taarifa mapema, kile kidogo ambacho marehemu alikuwa bado hajalipwa kwa siku alizoishi mwezi ule kitakuja kwa utaratibu wake kwa anayestahili, pamoja na fomu za madai ya mjane.