Kifurushi kisitoke kwenye laptopu yako

Ukiniuliza kwa nini siku hizi sipakii kifurushi cha Python kwa mkono kwenye PyPI, ghala la umma la maktaba za Python, sitakudanganya kwamba naokoa muda. Kuipanga ile YAML, faili la maelekezo kwa mashine inayojenga na kupakia kwa niaba yangu, mpaka itulie kunaweza kukumalizia wikiendi. Ninachotaka ni kwamba anayesakinisha maktaba yangu aweze kujua faili alilopata limejengwa wapi, na kwa msimbo upi.

Machi 2024 tulipata funzo zito. Andres Freund, mhandisi wa PostgreSQL, aligundua kwamba kuingia kwenye seva kwa SSH kunachelewa kama nusu sekunde. Akafuatilia mpaka kwenye xz, maktaba ya kubana data, matoleo 5.6.0 na 5.6.1. Humo mlikuwa na mlango wa nyuma, msimbo wa siri wa kumwingiza mvamizi. Sehemu yake ilikuwa imefichwa kwenye mafaili ya majaribio, lakini kilichouamsha, build-to-host.m4 iliyochezewa, hakikuwamo kwenye Git, yaani kwenye ripo ya msimbo inayosomwa na wote. Kilikuwa ndani ya tarball (furushi la msimbo wa toleo) iliyopakiwa na mmoja wa watunzaji. Aliyekuwa akisoma ripo asingekiona hata angekesha.

Kwa hiyo mimi nasukuma tagi tu (alama ya toleo kwenye Git), v1.4.2 kwa mfano, na GitHub Actions, huduma ya GitHub ya kuendesha kazi zenyewe, inafanya yaliyobaki kwenye mashine mpya isiyo na historia. Laptopu ni kama stoo ya nyumbani: kuna vitu humo hata mwenyewe hukumbuki vilifikaje, na kompaila, programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine, inavikuta vyote.

Maktaba ikiwa na msimbo wa lugha ya C ndani, ndipo kazi inapokolea. Tazama jina la faili moja, ukiacha jina la maktaba na namba ya toleo: cp312-cp312-manylinux_2_17_x86_64.whl. Linasema hili ni la CPython (Python ya kawaida) 3.12, kwa Linux yenye glibc, maktaba ya msingi ya C, 2.17 au mpya zaidi, kwenye prosesa za x86_64. Ukilijenga kwenye Ubuntu 22.04, yenye glibc 2.35, kwako litafanya kazi vizuri tu. Lipeleke kwenye seva ya zamani, uone: “version `GLIBC_2.34' not found”. Ndiyo maana cibuildwheel, zana ya kujenga mafaili haya ya .whl, hujengea ndani ya kontena (mazingira yaliyotengwa) za manylinux, ambamo glibc ni ya zamani kwa makusudi (manylinux2014 ilitokana na CentOS 7). Kisha auditwheel inakagua faili la .so (msimbo wa C uliokwisha kujengwa), inaingiza maktaba za nje zinazohitajika, na kulipa faili jina linalostahili. PyPI yenyewe inakataa faili lililoandikwa linux_x86_64 tu, bila kutaja glibc. Nawapongeza kwa ukali huo.

Majaribio nayaendesha kwenye faili lililojengwa, si kwenye folda ya msimbo. Python ikiwa ndani ya folda hiyo huweza kuimport msimbo ulioko pale pale, majaribio yakapita yote, kumbe kifurushi chenyewe kimesahau nusu ya mafaili.

Kupakia sasa ni sehemu fupi. Tangu Aprili 2023 PyPI inakubali utambulisho wa muda kutoka GitHub: unaiambia ripo ipi na mtiririko upi vinaruhusiwa, nayo inatoa tokeni (ufunguo) ya dakika chache. Hakuna tena siri ya kudumu ya kuvuja. Lakini ruhusa ya id-token: write, ya kuomba utambulisho huo, naipa hatua ya kupakia peke yake, hatua ya kujenga, inayoendesha msimbo wa watu wengi, haiioni. Desemba 2024 kifurushi cha ultralytics kilitoka PyPI kikiwa na programu ya kuchimba sarafu za kidijitali, na wavamizi walipitia huo huo mtiririko wa GitHub Actions. Machi 2025 ikawa zamu ya tj-actions/changed-files, Action (kipande cha mtiririko kilichoandikwa tayari) ya watu wengine, tagi zake zikaelekezwa kwenye msimbo mbaya. Action ya mtu mwingine naitaja kwa SHA kamili, namba ya kipekee ya msimbo wenyewe, maana tagi inahamishika.

Toleo likitoka bovu, usihangaike kulifuta ili ulipakie upya: PyPI hairuhusu jina la faili kutumika mara ya pili, hata baada ya kufutwa. Toa 1.4.3, na 1.4.2 uiwekee alama ya “yanked”, yaani imeondolewa kwenye matumizi. pip, kisakinishaji cha Python, itairuka, isipokuwa kwa aliyeandika ==1.4.2, huyo ataendelea kuipata, pamoja na onyo lenye sababu uliyoiandika.