Chappell Roan hakutoboa usiku mmoja

Februari 2, 2025, jijini Los Angeles, Chappell Roan, mwimbaji wa pop wa Marekani, alipanda kupokea tuzo ya Grammy ya msanii mpya bora akiwa na daftari mkononi. Alipomaliza kushukuru, akalisoma. Alikuwa amejiapiza, alisema, kwamba siku akisimama pale mbele ya wakubwa wa muziki atazidai kampuni zinazovuna mamilioni kutoka kwa wasanii ziwape wasanii hao, hasa wanaochipukia, ujira wa kuishi na bima ya afya.

Kuna waliomshangaa. Huyu si katoka juzi tu? Kaanza lini kulalamika?

Neno "mpya" kwenye jina la tuzo ile limeponza wengi. Nimebishana na watu kuhusu dada huyu hadi nimechoka kurudia, kwa hiyo nimeamua kuziandika zile hoja ninazokutana nazo kila mara. Nyingine zinahitaji maelezo marefu, nyingine zinakufa kwa sentensi mbili.

"Katoboa ghafla, ni bahati ya TikTok tu"

Jina lake la kuzaliwa ni Kayleigh Rose Amstutz. Alizaliwa 1998 na kukulia Willard, mji wa watu elfu sita na ushee karibu na Springfield, jimbo la Missouri. Akiwa sekondari alikuwa akipandisha nyimbo zake YouTube, na 2015, akiwa na miaka 17, akasainiwa na Atlantic Records. Miaka kumi na saba! Shule hajamaliza na tayari ana mkataba na moja ya lebo kubwa za Marekani.

2017 akatoa School Nights, kialbamu cha nyimbo tano. Mwaka huohuo na uliofuata alizunguka akiwafungulia shoo waimbaji wengine, Vance Joy kwanza, kisha Declan McKenna. 2018 akahamia Los Angeles. Aprili 2020, dunia ikiwa imejifungia ndani, ukatoka wimbo wa Pink Pony Club, aliotengeneza na prodyuza Dan Nigro. Wimbo wa klabu, klabu zote zimefungwa. Agosti mwaka huo lebo ikamtema, na wiki hiyohiyo akaachana na mpenzi wa kiume aliyekuwa naye kwa miaka minne.

Akarudi Missouri kwa wazazi. Msichana aliyekuwa na mkataba mkubwa tangu akiwa mwanafunzi sasa alikuwa anasimama dirishani kuhudumia watu wanaonunua vinywaji bila kushuka kwenye gari. Alipojaribu tena Los Angeles aliuza donati, akafanya uyaya, akatumwa huku na kule kwenye seti za kupigia picha. 2022 akaanza kutoa nyimbo peke yake bila lebo. Albamu, The Rise and Fall of a Midwest Princess, ikatoka Septemba 2023, na kwa miezi karibu sita hata kwenye chati kuu ya albamu za Marekani haikuonekana. Agosti 2024 ilikuwa namba 2.

Kosa letu ni kuanza kuhesabu kuanzia siku tuliyomsikia sisi. Mimi mwenyewe nilimsikia 2024, kwa hiyo sijitoi kwenye lawama. Lakini Pink Pony Club ni ushahidi wa kutosha: wimbo uleule, bila kuguswa hata nukta moja, ulipanda hadi namba 1 Uingereza Machi 2025, karibu miaka mitano baada ya kutoka.

"Kapandikizwa na lebo"

Cha ajabu, wanaosema ni bahati na wanaosema kapandikizwa, yaani lebo ndiyo iliyomtengeneza na kumsukuma kwa siri, mara nyingi ni watu walewale, kutegemea wameamkaje siku hiyo.

Kusaini na lebo kubwa si kuajiriwa. Lebo inakupa pesa ya awali, na pesa hiyo ni deni. Inajilipa kutoka kwenye mauzo ya nyimbo zako kabla wewe hujaona senti ya mrabaha. Nyimbo zisipouza, deni linabaki kwenye vitabu, na lebo ina uhuru wa kusema basi. Mshahara haupo. Marekani, watu wengi wenye umri wa kufanya kazi hupata bima ya afya kupitia mwajiri, sasa msanii wa lebo mwajiri wake ni nani? Ndiyo maana yale ya daftarini hayakuwa maneno ya jukwaani tu. Aliyasema waziwazi usiku ule: alisaini akiwa mtoto kisheria, alipotemwa hakuwa na uzoefu wa kazi yoyote, na katikati ya korona hakuweza kulipia bima.

Baadaye mtu aliyewahi kuwa bosi kwenye biashara hiyo alimkosoa gazetini, kwamba hajui anachokisema. Jibu la Chappell lilikuwa kutoa dola 25,000 kwa ajili ya afya ya wasanii wanaohangaika na kumtaka mkosoaji atoe kiasi hichohicho. Waimbaji wenzake Charli XCX na Noah Kahan wakaweka na wao dola 25,000 kila mmoja.

Nitakubali jambo moja, maana haki itendeke. 2023 alisainiwa upya, safari hii na lebo ndogo ya Dan Nigro iliyo chini ya Island Records, na Nigro ndiye prodyuza wa Olivia Rodrigo, nyota mkubwa wa pop. Kufungua ziara ya Rodrigo mwanzoni mwa 2024 kulimweka mbele ya kumbi zilizojaa. Milango hiyo haifunguki kwa kila mtu. Lakini mtu aliyepandikizwa haachwi miaka miwili auze donati kwanza.

"Chappell Roan ndilo jina lake"

Hapana. Chappell ni jina la ukoo la babu yake, aliyefariki 2016 kwa saratani ya ubongo. Roan limetoka kwenye wimbo alioupenda babu huyo, The Strawberry Roan, wimbo wa zamani wa wachunga ng'ombe kuhusu farasi mwenye rangi ya mchanganyiko, nyekundu na nyeupe. Kila bango lenye jina lake limembeba mzee wa Missouri.

Na kwa kuwa tuko kwenye za haraka haraka: Good Luck, Babe!, wimbo ambao wengi walianza naye, haumo kwenye albamu ile ya 2023. Ulitoka Aprili 2024 peke yake.

"Mambo ya mapenzi ya jinsia moja ni kiki"

Kwanza lugha. Neno tulilonalo mtaani la mwanamke anayependa wanawake wenzake limejaa matusi kiasi kwamba silitumii, nitasema hivyo kwa kirefu. Yeye mwenyewe anajiita lesbiani, bila kuzungukazunguka.

Sasa turudi kwenye kiki. Kiki hufanywa ili iuze. School Nights ilikuwa ya nyimbo za huzuni, polepole, binti amejifunika giza. Kilichombadilisha ni usiku aliotembelea klabu ya The Abbey, West Hollywood, mahali pa mashoga na marafiki zao, ambako amesimulia kwamba kwa mara ya kwanza alijiona huru kabisa. Pink Pony Club ndiyo iliyozaliwa hapo. Na miezi minne baada ya wimbo huo kutoka akatemwa. Kama hiyo ilikuwa mbinu ya biashara, basi ilikuwa mbinu mbovu kuliko zote nilizowahi kusikia.

Pia kuna wanaoshika ile habari ya mpenzi wa kiume wa miaka minne kama kidhibiti mahakamani. Mtu aliyelelewa kanisani mara tatu kwa wiki na kambi za kidini kila likizo ya kiangazi, karibu na Springfield ambako ndiko makao makuu ya kanisa la Kipentekoste la Assemblies of God nchini Marekani, angejifahamu haraka vipi? Good Luck, Babe! unahusu jambo hilohilo: mwanamke anayejilazimisha kuishi maisha ya kupenda wanaume, na mwenzake anayemtakia kila la heri katika kujidanganya.

"Yale mapambo ni vituko vya kuvutia macho"

Uso mweupe, nywele nyekundu zilizovimba kama mkate, mavazi ya mwanamieleka, vazi la Sanamu ya Uhuru na rangi ya kijani mwili mzima. Ni dragi, na anasema hivyo. Chappell Roan kwake ni mhusika anayevaliwa na kuvuliwa, na Kayleigh anabaki nyumbani. Wengi wanadhani dragi ni ya wanaume waliovaa kike peke yao. Sanaa yenyewe ni ya kuikuza jinsia hadi ipasuke, na mwanamke anaweza kuukuza uanamke wake vilevile.

Kinachonigusa zaidi hakiko usoni pake. Kwenye ziara zake amekuwa akiwapa jukwaa wasanii wa dragi wa mji husika wamfungulie shoo. Hakuja nao kwenye basi. Anawakuta hukohuko, hata kwenye miji ambayo hutarajii kuwakuta. Na ule usemi wake maarufu wa kwenye tamasha la Coachella 2024, kwamba yeye ndiye msanii anayependwa na msanii unayempenda, aliuchukua kwa Sasha Colby, malkia wa dragi kutoka Hawaii, na hakuficha.

"Ni mtu wa Trump"

Alipata jina hilo Septemba 2024 alipokataa kumpigia debe mgombea yeyote wa urais na kusema pande zote mbili zina matatizo. Siku chache baadaye alieleza kwamba Trump hamtaki na kwamba kura yake ni ya Kamala Harris, ila kumpigia kura mtu si sawa na kumfanyia kampeni. Miezi mitatu kabla ya hapo alikuwa ametangaza jukwaani New York, ndani ya lile vazi la Sanamu ya Uhuru, kwamba alialikwa kutumbuiza Ikulu ya Biden na akakataa. Ukipenda mkasirikie, lakini mkasirikie kwa alichosema.

"Anawadharau mashabiki"

Agosti 2024 alirekodi video akiuliza: ukimwona mwanamke usiyemjua barabarani, utamfokea kupitia dirisha la gari? Utadai picha naye kwa hasira? Utaifuatilia familia yake? Basi kwa nini kwake iwe sawa?

Mwezi huohuo huko Chicago, kwenye tamasha la Lollapalooza, waandaaji walilazimika kumhamishia jukwaa kubwa zaidi, na wakasema halijawahi kutokea onyesho la mchana lenye umati kama ule. Fikiria mtu aliyekuwa anahudumia dirishani miaka minne nyuma, sasa uwanja mzima unaimba maneno yake, na nje ya uwanja kuna watu wanaojua nyumbani kwao. Alisema ameambiwa na daktari ana sonona kali. Septemba akajitoa kwenye tamasha siku moja kabla. Hapo, kwa maoni yangu, waliokuwa wamekata tiketi na kulipia hoteli walikuwa na haki ya kununa. Lakini kununa ni kitu kimoja, na kumfuata mtu hadi kwa wazazi wake ni kingine.

"Aliikimbia Willard na hataki kuisikia"

Hii ndiyo inayonikera kuliko zote, kwa sababu inatokana na kusikiliza nusu ya wimbo. Watu husikia Pink Pony Club wakadhani ni barua ya kuaga na kutema mate. Kwanza, mashairi yanataja Tennessee, si Missouri. Ni hadithi, si shajara. Pili, yule binti wa kwenye wimbo, mama yake anampigia kelele, na yeye anajibu kwamba hajawatupa, bado anawapenda. Humo ndani hakuna tusi kwa nyumbani.

Tena ile albamu ina wimbo uitwao California ambamo yule binti amefika huko kwenye ndoto, mambo hayaendi, na anachokumbuka ni majani ya kwao yanavyobadilika rangi majira yakigeuka. Ukiwa umekulia mahali penye majira manne, Los Angeles haina namna ya kukufariji kwa hilo.

Novemba 2024 aliimba kwa mara ya kwanza The Giver kwenye Saturday Night Live, kipindi cha vichekesho cha televisheni ya Marekani. Ni wimbo wa kantri wenye fidla inayochezeka kama harusini, kuhusu mwanamke anayemridhisha mwanamke mwenzake kuliko wanavyoweza wanaume wa mashambani. Ulipotoka Machi 2025 ulishika namba 1 kwenye chati ya nyimbo za kantri Marekani. Kantri ndiyo muziki wa kule alikotoka. Hakuuacha, alimwingiza humo mwanamke anayependa wanawake wenzake, tuseme hivyo.

Halafu Septemba na Oktoba 2025. Alipanga shoo chache tu nchini mwake msimu ule, katika miji mitatu: New York, eneo la Los Angeles, na Kansas City, Missouri. Miji miwili ya kwanza kila msanii huipanga. Wa tatu haupangwi kwa bahati mbaya. Usiku mbili mfululizo kwenye uwanja wa makumbusho ya Vita Kuu ya Kwanza, na dola moja ya kila tiketi ikatengwa kwa mashirika yanayowasaidia vijana waliobadili jinsia. Kutoka Willard hadi pale ni chini ya saa tatu kwa gari.