Kimeng'enya ni nini? Maelezo kwa mfano wa muhogo mchungu

Katika Uwanda wa Makonde, kusini mwa Tanzania, kuanzia Newala hadi Tandahimba, mtoto huonywa mapema asitafune muhogo mchungu ukiwa mbichi. Muhogo huo humenywa, hukatwa, huanikwa ukawa makopa, kisha hutwangwa kuwa unga, na kwa kawaida sifa ya kuondoa sumu hupewa jua. Sehemu kubwa ya kazi hiyo, hata hivyo, hufanywa na kimeng'enya, yaani kichocheo kinachoharakisha mmenyuko wa kikemia, kilichomo ndani ya muhogo wenyewe.

Kimeng'enya, isipokuwa katika hali chache, ni protini, na protini ni mnyororo wa asidi amino. Zipo aina 20 za kawaida, nazo hupangwa mfano wa shanga katika uzi: insulini ya binadamu ina 51 tu, ilhali protini nyingine zina mamia. Mpangilio huo huitwa muundo wa kwanza. Baadhi ya sehemu za mnyororo hujisokota kama springi na nyingine hulala sambamba kama fito, na huo ni muundo wa pili. Kisha mnyororo wote hujikunja ukapata umbo lake kamili, yaani muundo wa tatu. Muundo wa nne huwa katika protini zenye minyororo zaidi ya mmoja, kama himoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni, ambayo ina minne. Wanafunzi huzikariri ngazi hizi bila kuambiwa jambo lililo kubwa zaidi, kwamba umbo la mwisho hutokana na mpangilio wa mwanzo. Himoglobini ya selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, hutofautiana na ya kawaida kwa asidi amino moja tu kati ya 146 za mnyororo wa beta.

Umbo ndilo linalokipa kimeng'enya kazi yake. Juu yake pana kijishimo, yaani eneo tendaji, ambamo huingia molekuli inayolingana nalo. Mwaka 1894 mwanakemia Emil Fischer alilifananisha jambo hili na ufunguo na kufuli. Mwaka 1958 mwanabiokemia Daniel Koshland alieleza kwamba kufuli hilo si gumu, bali hujirekebisha kidogo molekuli inapoingia. Humo ndani, nishati inayohitajika kuanzisha mmenyuko hupungua, mmenyuko hufanyika kwa kasi, na kimeng'enya hubaki kizima, tayari kupokea molekuli nyingine.

Katika muhogo, molekuli hiyo ni linamarini, ambayo huhifadhiwa ndani ya seli, wakati kimeng'enya chake, linamarasi, hukaa kwenye ukuta wa seli. Muhogo ukiwa mzima, viwili hivi havikutani. Ukikatwa, ukikunwa au ukipondwa, seli hupasuka na linamarasi huanza kuondoa glukosi kwenye linamarini. Kinachobaki huvunjika na kutoa sianidi ya hidrojeni, ndiyo sumu yenyewe, ambayo huchemka kwenye nyuzijoto 26 hivi na kwa hiyo hupotelea hewani. Ndiyo maana makopa manene yaliyokaushwa haraka yanaweza kubaki na sumu nyingi: seli zilizopasuka ni chache, na maji ambayo kimeng'enya kinayahitaji hukauka mapema.

Kinachoshangaza wengi ni habari ya moto. Joto kali hulifumua umbo la protini bila kuukata mnyororo wake, kama ute wa yai unavyoganda chunguni, na eneo tendaji hupotea. Vipande vya muhogo mchungu vikitumbukizwa katika maji yanayotokota, linamarasi huharibika kabla ya kumaliza kazi, huku linamarini, inayostahimili joto hilo, ikibaki kwa wingi ndani ya vipande hivyo.

Kwa unga upo utaratibu rahisi wa kuondoa sumu iliyosalia: unga huchanganywa na maji, hutandazwa kwa tabaka jembamba lisilozidi sentimita 1, huachwa saa 2 juani au saa 5 kivulini, ndipo husongwa ugali siku hiyo hiyo. Linamarasi iliyosalia katika unga mkavu hurudia kazi mara tu inapopata maji, na sianidi hutoka kabla unga haujafika jikoni.