Je, wajua kwa nini taa za zenoni humpofusha anayekuja, na mwenye gari bado haoni mbali?

Binamu yangu husomba ndizi. Usiku wa manane anapakia mikungu Kwa Sadala, kisha anashika lami: Boma Ng'ombe, njia panda ya KIA (uwanja wa ndege wa Kilimanjaro), Kikatiti, Maji ya Chai, Usa River, Tengeru, mpaka soko la Kilombero mjini Arusha kabla wachuuzi hawajajaa. Gari lake ni Hilux, ile inayoitwa Vigo. Mwaka jana alichoshwa na taa zake zilizofifia kama kibatari, akaenda kwa fundi umeme akafungiwa zenoni: balbu mbili, balasti mbili, nyaya, na kazi ikaisha kabla soda haijaisha. Fundi akampigia bega: "Kaka, kuanzia leo usiku wako ni mchana."

Wiki ya kwanza alitamba. Ya pili akaja na malalamiko mawili yasiyoelekea kukaa pamoja. La kwanza, kila anayepishana naye anampiga fuli, taa za juu, kwa hasira, na yeye yuko kwenye dimu, taa za chini, tangu Kwa Sadala. La pili, kati ya KIA na Kikatiti alinusurika kumgonga mtu wa baiskeli upande wa kushoto. Alimwona alipokuwa ameshamfikia. "Hebu niambie," akasema, "kama mwanga unawaumiza wao na mimi mwenyewe sioni, unakwenda wapi?"

Nikaona ni swali la kujibiwa vizuri, maana balbu hizi zinauzwa kila duka la spea la Arusha na Moshi, na wengi hununua kwa kuangalia rangi tu.

Mgeni ndani ya chupa

Taa ya kawaida ya gari, halojeni, ni uzi wa tangsteni unaopitishiwa umeme mpaka unang'aa. Zenoni haina uzi. Ndani ya kichupa kidogo cha kwatsi kuna ncha mbili za chuma zilizotazamana, gesi ya zenoni na chembe za chumvi za metali. Balasti, lile boksi dogo linalofungwa pembeni, hupiga umeme wa volti 20,000 hivi au zaidi kwa kufumba na kufumbua, cheche inaruka kutoka ncha moja hadi nyingine, halafu umeme unashuka na kutulia kwenye volti 85 hivi. Gesi ndiyo inayowaka kwanza, ndiyo maana mwanzoni unaona mwanga wa bluu. Baada ya sekunde kadhaa chumvi zinayeyuka na kugeuka mvuke, na hapo ndipo mwanga wenyewe unapokomaa. Gesi hiyo iligunduliwa London mwaka 1898 na William Ramsay na Morris Travers, wakaiita kwa neno la Kigiriki lenye maana ya mgeni. BMW waliiweka kwenye magari yao ya 7 Series mwaka 1991, na tangu hapo imekuwa fahari ya barabarani.

Kwa nguvu, hakuna ubishi. Balbu ya H4, ambayo pikapu nyingi za huku zinatumia, hula wati 55 kwenye dimu na kutoa lumeni (kipimo cha wingi wa mwanga) 1,000 hivi. Zenoni ya kiwandani, ile ya aina ya D2S, hula wati 35 na kutoa lumeni 3,200 hivi. Umeme kidogo, mwanga mara tatu. Fundi hakumdanganya binamu yangu kuhusu hilo. Tatizo liko kwenye nyumba ya mwanga huo.

Kikombe cha bati

Tafuta balbu ya H4 iliyoungua uinyanyue dirishani. Utaona nyuzi mbili, moja ya dimu na moja ya fuli. Chini ya uzi wa dimu kuna kikombe kidogo cha bati, kama kijiko kilichokatwa mpini. Kikombe hicho huzuia mwanga usifike nusu ya chini ya riflekta, lile bakuli linalong'aa nyuma ya balbu na kurusha mwanga mbele, maana mwanga ukipigwa huko ungeruka kwenda juu, kwenye macho ya watu. Ndiyo siri yote ya dimu: mstari unaoonekana ukutani ukiwasha taa, chini mwanga na juu giza, unatokana na kile kibati pamoja na uzi kukaa mahali pake hasa. Riflekta nzima ilichorwa kwa ajili ya uzi huo, mnyoofu na mwembamba. Ukiusogeza milimita moja tu, mwanga unahama njia.

Sasa ondoa uzi, weka cheche. Cheche ya zenoni si mstari. Imepinda kidogo kwenda juu kama upinde, na inang'aa zaidi kwenye ncha zake mbili kuliko katikati. Riflekta haijui kwamba umebadilisha kitu. Inaendelea kutupa mwanga kwa hesabu ya uzi usiokuwepo tena, na mwanga unamwagika kila upande. Sehemu inavuka ule mstari kwenda juu: hiyo ndiyo inayomkera dereva anayekuja. Sehemu nyingine kubwa inaangukia mita chache mbele ya bampa.

Na hapo kuna mtego ambao wengi hatuuoni, kwa sababu unafanana na neema. Lami ya mbele yako ikiwa nyeupe pepe, mboni ya jicho inajibana ili kujikinga, na ikijibana, vitu hafifu vya mbali vinazidi kupotea. Dereva anahisi anaona sana, kumbe anaona sana pale ambapo hana tena muda wa kufanya kitu. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa gari linakula mita 22 kila sekunde. Ukihesabu muda wa kushtuka na muda wa breki, unahitaji mita 70 hivi kusimama kwenye lami kavu. Mwanga wa mita 20 za kwanza haukusaidii chochote hapo.

Kuhusu yule wa baiskeli: taa za magari ya kuendesha kushoto kama yetu zimetengenezwa ule mstari uinuke kidogo upande wa kushoto, makusudi, ili kumulika pembezoni mwa barabara wanakopita watu, ng'ombe na baiskeli. Mwanga ukishavurugwa, mkono huo wa kushoto nao unayeyuka.

Mikungu nayo ina lake

Pikapu ina tatizo ambalo gari dogo halinalo kwa kiwango hicho. Ukipakia, mkia unakaa na pua inanyanyuka. Nilikaa na karatasi nikapiga hesabu. Dimu iliyopangwa vizuri huinama kama asilimia 1, yaani kila mita 10 inashuka sentimita 10. Taa ikiwa sentimita 90 kutoka chini, mwanga unagusa lami mita 90 mbele. Safi. Umbali kati ya ekseli mbili za Vigo ni mita 3.085. Mikungu ikikandamiza nyuma sentimita 5 tu kuliko mbele, gari limeinuka kwa asilimia 1.6. Toa ile 1 ya kuinama, unabaki na taa inayotazama juu kwa asilimia 0.6. Mita 50 mbele, mwanga uko sentimita 30 juu ya usawa wa taa, yaani mita 1.2 kutoka ardhini. Hapo ndipo yalipo macho ya dereva wa gari dogo kama IST anayekuja.

Na hayo ni kwa halojeni. Weka mwanga mara tatu kwenye mwinamo huohuo, utaelewa kwa nini kanuni za Ulaya zinataka gari lenye taa ya zaidi ya lumeni 2,000 liwe na mtambo wa kujirekebisha lenyewe likipakiwa, pamoja na kiosha taa, kwa sababu tope kwenye kioo nalo hutawanya mwanga. Seti ya dukani haiji na mtambo huo. Baadhi ya Hilux zina kidude cha kuzungusha karibu na usukani, chenye namba kuanzia 0. Ukipakia unaongeza namba na taa inashuka. Binamu yangu alikuwa nacho miaka yote. Alidhani ni cha mwanga wa dashibodi.

Kama bado unaitaka

Sikatazi. Nasema ununue ukijua.

Kwanza soma kioo cha taa yako kabla ya kusikiliza mtu yeyote. Taa nyingi zilizotengenezwa kwa kanuni za kimataifa zina herufi: HCR maana yake nyumba hiyo ni ya halojeni, DCR maana yake ni ya zenoni. Kuna pia alama ya mshale. Ukisimama mbele ya gari ukaitazama taa, mshale ukielekea kulia kwako, taa ni ya nchi za kuendesha kushoto. Taa isiyo na mshale kabisa ni ya nchi za kuendesha kulia, na ukiifunga huku itammulika anayekuja hata ukiwa na balbu ya aina gani. Hili huwapata wanaonunua taa nzima za mtumba kutoka Ulaya.

Nyumba ikiwa ya halojeni, njia ya heshima ni kufunga projekta: kile kikombe chenye lenzi ya duara kama jicho la samaki, ndani yake kuna kizuizi kinachokata mwanga kabla haujatoka. Taa inafunguliwa kwa joto, projekta inapachikwa, kioo kinarudishwa kwa gundi mpya. Ni kazi ya fundi mwenye subira, na inagharimu kuliko balbu peke yake. Ukifanya hivyo, zenoni inakuwa kile ilichokusudiwa kuwa. Ukiambiwa "balbu tu inatosha", rudi kwenye habari ya kikombe cha bati.

Rangi. Huku watu hupenda namba kubwa: 8000, 10000, bluu inayoelekea zambarau. Hizo namba ni kelvini, kipimo cha rangi wala si cha nguvu. Mwanga mwingi zaidi hupatikana kwenye 4300, mweupe wenye umanjano kidogo, na ndiyo inayokuja na magari ya kiwandani. 6000 ni nyeupe ya kuvutia lakini mwanga umepungua. Kuanzia 8000 unanunua urembo, na bluu huchosha macho ya watu zaidi. Wapo wanaoapa kwamba ya njano hutoboa ukungu wa kule juu Ngorongoro. Matone ya ukungu ni makubwa mno kulinganisha na mawimbi ya mwanga, kwa hiyo rangi zote hutawanywa karibu sawa. Kinachosaidia ni taa iliyofungwa chini, inayomulika kwa upana, na kuzima fuli.

Wati 35 zinatosha. Seti za wati 55 huongeza joto ndani ya nyumba ya plastiki, na mng'ao wa riflekta unaanza kubabuka. Kwa H4 uliza pia fuli inapatikanaje: seti nyingi zina sumaku inayovuta balbu mbele na nyuma, dimu na fuli, na barabara zetu za makorongo na vumbi huipa sumaku hiyo maisha magumu. Zenoni pia haipendi kuwashwa na kuzimwa haraka haraka, kwa hiyo wale wa kusalimiana kwa taa watafute salamu nyingine. Balasti ifungwe juu, mbali na maji, na tundu linalotobolewa kwenye mfuniko wa mpira nyuma ya taa lizibwe sawasawa, la sivyo vumbi la kiangazi kimoja tu litaitia taa ukoko. Balasti ya bei chee utaijua kwa redio: ukiwasha taa, redio inaanza kukwaruza.

Habari ya riflekta inahusu hata seti za LED zinazojaza rafu siku hizi. Chanzo tofauti, riflekta ileile.

Kipimo cha volti

Kitu kilichonishangaza ni kwamba taa za kwanza za binamu yangu, zile za halojeni, hazikuwa mbovu. Zilikuwa na njaa. Dimu mbili za wati 55 huvuta kama ampea 9, na kwenye magari mengi ya zamani umeme huo wote hupita kwenye swichi ya usukani na nyaya nyembamba zilizokwishachakaa. Volti zinapungua njiani, na halojeni haina uvumilivu: volti zikipungua asilimia 10, mwanga unapungua karibu asilimia 30. Washa injini na taa, pima kwenye betri, halafu pima nyuma ya balbu yenyewe. Kwake betri ilisoma 14.1, balbu ikasoma 12.4.

Dawa yake ni rilei mbili (swichi zinazoendeshwa kwa umeme), fyuzi, na waya mnene kutoka betri moja kwa moja. Swichi ya usukani inabaki na kazi ya kuamuru tu. Vioo vyake vilikuwa vimepauka kwa jua, vikasuguliwa kwa msasa wa maji, namba 1000, 2000 kisha 3000, vikang'arishwa na kupakwa dawa ya kuzuia jua. Dawa ya meno inang'arisha pia, ila ni ya wiki chache. Akarudisha H4 za wati 60/55 (fuli na dimu) kutoka kampuni inayojulikana. Zile za 100/90 alizoshauriwa na kijana wa dukani aliziacha, maana huyeyusha soketi.

Mwisho tukaenda kupanga taa, na gari likiwa limepakiwa. Tulisimama mita 10 kutoka ukuta wa ghala, sehemu tambarare, tukapima urefu wa katikati ya taa, tukachora mstari wa chaki sentimita 10 chini ya hapo, tukazungusha skrubu nyuma ya taa mpaka mwanga ukakaa kwenye chaki. Mikungu 60 ilikuwa nyuma na mwenye ghala alikuwa akiuliza tunachora nini ukutani kwake. Zenoni ziko chini ya kiti cha abiria, kwenye boksi lake. Anasema atazifunga siku akipata projekta.