Kujifunza Kuhariri Picha kwa Mwongozo wa Hatua kwa Hatua: Dhana Potofu na Ukweli

Dhana: Ukifuata kila hatua kama ilivyoandikwa, picha yako itatoka kama ya mwandishi.

Ukweli ni kwamba namba zilizomo kwenye mwongozo ni za picha ya mwandishi, si za yako. Wengi hukatia tamaa hapa, tena bila sababu. Tuseme umeambiwa utie ukungu kwenye mandharinyuma, kipimo pikseli 10 (pikseli ni nukta ndogo zinazounda picha). Picha ya mwandishi ina upana wa pikseli 1000, kwa hiyo ukungu huo unaonekana waziwazi. Yako imetoka moja kwa moja kwenye kamera, upana pikseli 6000. Ukiweka 10 ileile, utadhani programu imegoma. Hujakosea popote: picha yako ni pana mara sita, basi jaribu 60.

Mwangaza na rangi nazo ni vivyo hivyo. Picha ya kivulini haitaki namba za picha iliyopigwa jua la utosi. Kila hatua iulize inafanywa kwa nini. Kama mandharinyuma yanafifishwa ili uso ujitokeze, sogeza kitelezi huku macho yako yakiwa kwenye uso, na uache pale unapopendeza.

Dhana: Menyu za kwenye mwongozo zisipofanana na zako, mwongozo huo hauna kazi tena.

Vitufe huhamishwa kila toleo, misingi hubaki. Tabaka (layers), yaani sehemu za picha zinazowekwa kama karatasi angavu, ziliingia katika programu ya Photoshop kwenye toleo la 3.0, mwaka 1994, na hadi leo zinapangwa moja juu ya nyingine vilevile. GIMP, ambayo ni ya bure, inazo pia, kwa hiyo mengi unayojifunza kwenye programu moja utayatumia kwenye nyingine. Tafuta jina la amri. Usihangaike kutafuta kitufe pale pale kilipo kwenye mchoro.

Dhana: Ukikosea, Ctrl+Z (amri ya kutengua) itakuokoa.

Itakuokoa leo. Ukifunga faili, orodha ya ulichofanya hupotea. Ndiyo maana miongozo mizuri huanza kwa kunakili tabaka, hatua ambayo wanaoanza huiruka kwa kuiona haina maana. Usiiruke. Na badala ya kufuta sehemu kwa kifutio, ifiche kwa kinyago cha tabaka (layer mask): ukipaka nyeusi sehemu inafichika, ukipaka nyeupe inarudi, hata baada ya wiki. Ila hifadhi kwa PSD (faili la Photoshop) au XCF (la GIMP), ambazo hutunza tabaka. JPEG, aina ya kawaida ya faili la picha, huunganisha tabaka zote kuwa moja, na kila ukiihariri na kuihifadhi upya hupoteza ubora kidogo.

Dhana: Programu inaweza kurekebisha picha yoyote.

Katika JPEG kila rangi ya msingi hupimwa kutoka 0 hadi 255. Anga iliyoungua kwa mwanga ikafika 255 kwenye nyekundu, kijani na buluu zote tatu haina mawingu yaliyojificha ndani yake. Ukiipunguzia mwanga utapata kijivu kitupu. Programu za siku hizi zinaweza kubuni mawingu ya kujaza pengo, lakini hayo siyo yaliyokuwapo siku ile. Faili la RAW, yaani data ghafi ya kamera, lina nafasi zaidi ya kurekebisha, kwa kuwa kamera nyingi hurekodi humo biti 12 au 14 badala ya 8 za JPEG, yaani ngazi nyingi zaidi za mwanga. Kama kamera yako inaruhusu RAW, iwashe kabla ya kupiga.